Mafundo Matatu ya Bwana Itakuwaje

Hakuwa na kisukari. Hakuwa na presha, ingawa alikwenda kuitafuta zahanati mara nne kwa mwaka, na kila mara akarudishwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba haipo. Hakuwa na kesi mahakamani, wala adui, wala jirani mwenye mbwa. Hakuwa na paa linalovuja. Hakuwa na mtoto aliyepotoka. Alikuwa na binti mmoja tu, naye alikuwa na akili kuliko baba yake, shangazi yake na mimi tukichanganywa pamoja. Hakuwa tena na mke, Mungu amrehemu, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze. Kwa kifupi, hakuwa na sababu hata moja ya kukosa usingizi, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mambo yakiwa shwari namna hii, alisema, ujue kuna kitu kiko njiani.

Huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa kujalidi vitabu. Mtaa mzima ulimwita Itakuwaje, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake kwa kila habari. Ukimwambia mvua imenyesha, anauliza, "Sasa ikizidi itakuwaje?" Ukimwambia imekatika, anauliza, "Isiporudi itakuwaje?" Siku nilipomwonyesha meno yangu ya bandia, meno mazuri, yamepangika kuliko yale niliyozaliwa nayo, hakunipa hongera. Aliyatazama kwa huzuni akauliza nikiyameza itakuwaje. Tangu siku hiyo nakula kwa tahadhari, na sijamsamehe.

Kazi yake aliijua, hilo sitamnyima. Chumba chake cha mbele kilikuwa karakana: meza ndefu chini ya dirisha, kibano cha chuma cha kubania vitabu, mashine ya kukatia karatasi yenye mpini mrefu kama wa pampu, na sufuria ya gundi juu ya jiko dogo. Mahakama ilimletea majalada yake, hospitali ikamletea madaftari yake. Kitabu alichokishona yeye ungeweza kukitupa kutoka ghorofa ya tatu na kisiachie ukurasa. Siri ilikuwa uzi. Mafundi wengine wakimaliza kushona hufunga fundo moja wakakata. Yeye alifunga matatu. La kwanza, alinieleza, ni la kufunga kitabu. La pili ni la kulisaidia la kwanza. La tatu hakunieleza, nami sikuuliza, maana nilimjua.

Vitabu vyenyewe hakuvisoma. Miaka arobaini na moja alivishona, akavipaka gundi, akavivalisha ngozi na nguo, na hakusoma hata kimoja. Alisema akianza kusoma atajua mambo mengine ya kuogopa.

Basi tarehe mbili ya mwezi ule alipata barua kutoka kwa binti yake. Huyu binti ni mpima ardhi katika mji ulio mbali na sisi, safari ya basi ya siku mbili. Mama yake alimwacha mdogo, na mke wangu ndiye aliyemsuka nywele na kumfundisha kujibu watu. Shemeji alikuja nayo nyumbani kwetu, akaiweka mezani kama mtu anayeweka nge, akatuomba tumsomee tena ili aone kama amesoma vizuri.

Mke wangu akaisoma. "Baba, shikamoo. Ninaolewa mwezi ujao na yule mchimba visima niliyekueleza. Nataka uje usimame nami siku hiyo. Kwenye simu huwa unasema 'tutaona' mpaka muda wa maongezi unakwisha, kwa hiyo safari hii sitapiga wala sitapokea. Niandikie kwa mkono wako, ndiyo au hapana. Nisipopata barua hadi tarehe ishirini, nitaelewa, na sitakuomba tena jambo lolote."

Mke wangu alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akamgeukia kaka yake. "Hongera, kaka! Kalamu hiyo hapo."

"Mchimba visima," shemeji akasema.

"Kazi ya halali."

"Akitumbukia itakuwaje?"

"Atatoka. Ndiyo kazi yake, kuingia na kutoka."

"Na mimi nikienda, basi likapata ajali? Watakuwa na arusi na msiba siku moja. Nisipoenda, atasema simpendi. Nikiandika nakuja, halafu nikaugua? Nikiandika siji, halafu nikapona?"

"Kwani unaumwa?"

"Bado," akajibu.

Siku zilizofuata aliandika. Sitaki kumsingizia uvivu. Hadi tarehe nane alikuwa ameandika barua kumi na moja na hakuna aliyoituma. Moja ilikuwa na kurasa sita na haikugusa arusi popote, ilihusu matairi. Nyingine ilianza hivi: "Mwanangu, kuhusu swali lako, kabla sijajibu, naomba kwanza kujua basi hupita mto gani." Alipofika hapo moyo ulimwenda mbio, akaacha kalamu, akaenda zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, lakini ana foleni. Alimpima, akavua kile chombo masikioni, akamwambia, "Mzee, moyo huu unaweza kuvuta mkokoteni. Una wasiwasi tu. Nenda nyumbani, tafuta kitu cha kusoma."

"Kitu gani, daktari?"

Akamtazama kidogo. "Kirefu," akasema.

Ndipo alipokuja kwangu, na alikuja mahali panapostahili. Mimi nilisoma shule ya usiku. Mchana nilipanga mizigo ghalani, jioni nikaketi dawati moja na vijana walioniita baba, nikapata cheti nikiwa na miaka thelathini na tatu. Vitabu sikuvirithi, nilivifuata kwa miguu. Kwa hiyo mtu akiniuliza asome nini, simjibu hovyo. Humtazama ulimi kwanza, kama mfamasia.

Nikamchagulia riwaya ya mlinzi wa daraja. Ni riwaya kongwe, kurasa mia tano, ya aina ile ambayo watu wengi huitaja na wachache huimaliza. Mlinzi huyu ana daraja la chuma lenye nati elfu mbili, na kwa miaka thelathini kila asubuhi huligonga kwa nyundo, nati moja moja, akisikiliza kama kuna iliyolegea. Siku moja anaona ufa kwenye nguzo, karibu na maji. Anawaandikia wahandisi barua. Kisha anafikiri: wakija wasiuone, watanicheka. Anaitia barua drooni. Anaendelea kugonga nati, kwa bidii zaidi kuliko kwanza, hadi siku anayochoka, akatupa nyundo mtoni, akakaa kitini kunywa chai. Na daraja linaanguka.

Nilimpa kitabu hicho kwa ajili ya ile droo tu. Nilijiambia, akifika kwenye droo atajiona mwenyewe, ataruka kama aliyemwagiwa maji, ataandika barua, na mke wangu ataniambia kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu kwamba kusoma kwangu kumefaa kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekisoma katika nakala ya mwalimu wetu. Hii niliyompa ilikuwa ya shule. Walipoondoa kabati la vitabu ili kuweka kompyuta, nilijibebea katoni moja, nikakifunika hiki kwa karatasi ya kaki, nikakiweka rafuni. Sikukifungua. Kitabu nilichokwisha kukisoma huwa sikikagui. Huo ni ujinga wa watu wanaojua, na nauandika hapa ili nisije nikaambiwa na mwingine.

Tarehe kumi na sita mchana shemeji akatokea mlangoni kwetu bila mwavuli.

Sijui nikueleze vipi. Mwavuli ule alikuwa nao hata ndani ya nyumba. Aliingia bila mwavuli, bila sweta, akaketi kwenye kiti kilichoupa mlango mgongo, kiti ambacho kwa miaka ishirini alikikataa kwa sababu huoni anayeingia. Akanyoosha miguu. Mke wangu akaacha kukunja nguo.

"Kaka, unaumwa?"

"Nimepona," akasema. "Dada, nimemaliza kitabu. Kitabu chote. Nimeishi miaka sitini na tano kama mwehu. Kugonga, kugonga, kugonga! Kwa faida gani? Yule mzee kagonga miaka thelathini, daraja likaanguka vilevile. Ndipo anapopata akili. Anatupa nyundo mtoni, anakaa, anasema, 'Litasimama au litaanguka, chai yangu isipoe.' Nimeyanakili maneno hayo. Nimeyabandika ukutani."

"Ngoja," mke wangu akasema. Yeye hakusoma shule ya usiku wala ya mchana zaidi ya miaka sita, lakini hesabu za maneno anazijua. "Daraja limeshaanguka?"

"Limeshaanguka."

"Halafu ndiyo anasema litasimama au litaanguka. Lipi?"

Shemeji akatabasamu, tabasamu la mtu aliyesoma kurasa mia tano akizungumza na mtu ambaye hakuzisoma. Nalijua tabasamu hilo. Nimelitumia sana. "Madaraja kwa jumla, dada. Kitabu kikubwa hakikutafunii kila kitu. Na mwisho wake, aa! Watu wanavuka daraja jipya wakiimba, na mzee amekaa ng'ambo hii, amefumba macho. Ametulia. Amani tupu."

"Na barua ya mtoto?"

"Niliitia drooni."

"Uliijibu kwanza?"

"Itasimama au itaanguka," shemeji akasema, akachukua kikombe changu cha chai, akanywa.

Mke wangu hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Kaka, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na sita."

"Barua inachukua siku nne kufika. Gari la posta linaondoka saa kumi jioni. Isipoondoka leo, haifiki. Yule mtoto amesema ataelewa. Ataelewa nini?"

"Ataelewa kwamba baba yake ametulia."

Hapo mke wangu akanigeukia mimi. "Umeona? Umeona wewe na vitabu vyako? Mtu alikuwa mgonjwa, anaandika barua kumi na moja. Umempa dawa, amepona, haandiki hata moja!"

Nikakohoa. "Shemeji," nikamwambia, "umekisoma vibaya. Nyundo inatupwa kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla daraja halijaanguka. Anatupa nyundo, anakunywa chai, ndipo linaanguka. Na ile barua ya ufa iko drooni tangu mwanzo."

"Barua anaiandika baada ya daraja kuanguka."

"Aandike baada ya kuanguka, awaambie nini? Kwamba kuna ufa?"

"Nilidhani ni uzee umemwingia."

"Mimi kitabu hicho nilikitolea insha, nikapata alama themanini na moja."

"Miaka arobaini iliyopita, shemeji. Tena baada ya kupanga magunia mchana kutwa. Mwalimu wako mwenyewe alikuwa mteja wangu. Aliniambia darasani ulikuwa ukikoroma kwa ufasaha kuliko wenzako."

Mke wangu alicheka. Alikuwa na hasira na bado alicheka, na hilo ndilo lililoniinua kitini. Nikasema twende tukakifungue kitabu sasa hivi, mbele ya shahidi, tuone nani alisinzia. Tukatoka sote watatu, mimi mbele.

Kitabu kilikuwa mezani karakanani, kwenye kaki yake. Nikasema, "Nionyeshe ukurasa." Nikatafuta namba chini. Hapakuwa na namba. Ukurasa wa kwanza, hapana. Wa mia, hapana. Karatasi zilikuwa zimekatwa karibu na maandishi kiasi kwamba mstari wa mwisho ulikuwa umeketi ukingoni kama mtu kwenye kitanda cha wenyewe.

Shemeji, ambaye alikuwa amekisoma siku nane bila kuona jambo hilo, sasa alikiona kwa jicho la fundi. Akakikwapua. "Nani mjinga amekata hivi?" akasema. "Tazama! Amekata mara ya kwanza, akaona kama haijanyooka. Akakata tena. Akaona bado. Akakata tena. Amenyoa mpaka namba! Mtu wa namna hii hapaswi kusogezwa karibu na mashine."

"Na hapa?" nikamwambia. Nilikuwa nimepata mahali. "Soma mwisho wa ukurasa huu."

Akasoma. "'Mlinzi akainama, akaona kwenye nguzo ya tatu...'"

"Geuza."

"'...ndipo sauti ilipotoka mtoni, na watu wa ng'ambo wakaanza kukimbia.'"

"Inaingiana?"

"Haiingiani."

"Ulipoisoma hukuona kwamba sentensi imekatika katikati?"

"Niliona," akasema kwa heshima. "Nikadhani ndivyo wanavyoandika wakubwa."

Sikucheka. Nimewahi kufikiri hivyo hivyo juu ya vitabu kadhaa, nikavisifia mbele za watu.

Sasa ieleweke kitabu hutengenezwaje. Hakishonwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hukunjwa na kukunjwa tena mpaka zitoke kurasa kumi na sita, na huo huitwa mkunjo. Fundi huipanga mikunjo kwa zamu na kuishona mgongoni. Akiuweka mmoja mahali pasipo pake, na kama namba zimenyolewa, hakuna atakayejua isipokuwa anayesoma kwa akili. Shemeji akaipekua mikunjo kwa kidole gumba, haraka kama karani, akaupata. Mkunjo mmoja, wenye ufa, barua, droo, nyundo na chai, ulikuwa umerukishwa mbele na kushonwa karibu na mwisho, baada ya daraja kuanguka.

"Huyu ni wa kufungwa," akasema. "Watu wanasoma vitabu watengeneze maisha yao, mtu anawachanganyia! Ngoja nimjue. Kila fundi ana mkono wake." Akachana ile kaki, akalaza kitabu mezani, akaanza kukwangua gundi kavu ya mgongoni kwa kisu. Gundi ikatoka vipande vipande kama magamba. Uzi ukaonekana, mweupe bado. Akaufuata hadi unapoishia.

Akaacha kukwangua.

Mke wangu akasogea, akainama juu ya bega lake, akahesabu polepole. "Moja. Mbili." Akagusa uzi kwa ukucha. "Tatu."

Karakanani palikuwa na sauti ya gundi tu, ikitokota jikoni.

"Nilikuwa mwanagenzi," shemeji akasema. Alikuwa ameketi. "Mwaka wa kwanza. Bwana mkubwa alikwenda kula, akaniachia vitabu vya shule, na gundi iko motoni. Nikafikiri, ikichemka ikamwagika, moto ukashika karatasi, itakuwaje? Kila nikishona mkunjo mmoja nainuka kuitazama. Nashona, nainuka. Nadhani nilikwenda na mkunjo mkononi, nikarudi nikauweka juu ya fungu lisilo lake."

"Na kukata?"

"Niliona kama hakijanyooka."

"Gundi ilimwagika?" mke wangu akamuuliza.

"Haikumwagika."

"Miaka arobaini na moja imewahi kumwagika?"

Akaitazama sufuria. "Haijawahi," akasema, na ninavyomjua, hata pale alikuwa akipima umbali kati ya jiko na karatasi.

Hapo palikuwa pameiva kwa hotuba, na mimi nilikuwa nayo. Nilikwisha kufungua mdomo nimweleze kwamba hekima yake yote ya siku nane, ile iliyobandikwa ukutani, haikutoka kwa mtunzi yeyote mkubwa. Aliitengeneza mwenyewe kwa wasiwasi wake wa miaka arobaini na moja nyuma, akajiuzia. Mke wangu akaniwahi. "Nyamaza, mume wangu," akasema. "Ameshika mkasi."

Alikuwa anakata mafundo yake. Ilichukua muda, kwa kuwa yalikuwa matatu. Akauchomoa ule mkunjo, akaurudisha zamu yake, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Alisoma ufa. Alisoma barua. Alisoma jinsi mlinzi alivyoikunja mara mbili akaitia drooni chini ya soksi. Kisha akafika kwenye sentensi ambayo bila shaka nilikuwa nimesinzia ilipopita, maana siikumbuki kabisa: "Asubuhi iliyofuata alizihesabu nati zote elfu mbili, kwa kuwa kuhesabu hakukumtaka aseme neno kwa mtu yeyote."

Akairudia mara mbili. Mara ya pili alisoma polepole zaidi.

"Kumbe hakuwa analinda kitu," akasema.

"Alikuwa anagonga tu," mke wangu akamjibu.

"Na alipotupa nyundo?"

Sikuweza kujizuia. "Aliacha kugonga tu, shemeji. Barua ilikuwa drooni akigonga, na ilikuwa drooni akinywa chai. Yule unayesema ametulia, amefumba macho ili asilione daraja jipya."

Akafunga kitabu. Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu. Akainuka, akalifuata kabati, akavuta droo. Ilikuwa hapo, barua ya binti, na juu yake, sitanii, soksi.

"Karatasi," akasema.

Ningependa kukuambia kwamba aliandika pale pale kama mtu aliyefunguliwa. Hakufunguliwa. Aliandika "Mwanangu mpendwa, nakuja," akajaza baada ya hapo ukurasa mzima kuhusu matairi, maji ya kunywa njiani, na madhara ya kuoana na mtu ambaye kazi yake iko chini ya ardhi. Mke wangu alichukua kalamu akafuta yote isipokuwa yale maneno matatu ya mwanzo.

"Dada, angalau suala la matairi."

"Hapana."

"Maji?"

"Kaka, saa tisa."

"Basi nipe moja. Moja tu. Mtu wa umri wangu huwezi kumnyang'anya yote kwa siku moja."

Mke wangu akanitazama. Nikainua mabega. "Moja," akasema.

Alifikiri kwa muda mrefu. Unaweza kudhani anachagua mtoto wa kumwokoa. Kisha akaandika, kwa mwandiko wake wa kubana, na barua nzima ikawa hivi: "Mwanangu mpendwa, nakuja. Nitasimama nawe. Mwambie huyo mchimba visima awe na kamba ya pili. Ni mimi baba yako."

Bahasha ilikuwa na gundi yake mdomoni, ya kulowesha kwa ulimi. Hakuiamini. Akachovya brashi kwenye sufuria, akapaka gundi ya majalada ya mahakama, akaibana kwenye kibano cha chuma, akakaza mpini.

"Sasa ataifunguaje?" nikamuuliza.

"Ni mpima ardhi," akasema. "Ana vifaa."

Tulifika posta zikiwa zimebaki dakika ishirini. Karani alikuwa nyuma ya dirisha, ameegemeza shavu, mkono mmoja juu ya muhuri. Gari la barua lilikuwa uani, mlango wazi, mtu akirusha magunia ndani. Shemeji akaipitisha bahasha dirishani lakini hakuiachia. Wakawa wameishika wote wawili, yeye upande huu, karani upande ule.

"Mama, itafika tarehe ishirini?"

Karani hakuinua macho. "Tutaona, mzee," akasema.

Nilimwona shemeji akigutuka, kama mtu aliyeitwa kwa sauti yake mwenyewe kutoka chumba kingine. Nadhani alimsikia binti yake upande wa pili wa simu, miaka yote ile, akingoja mpaka muda uishe. Akafungua mdomo. Nililiona lile neno likipanda kooni, lote, na alama yake ya kuuliza. Akalimeza kwa shida, vile ninavyoogopa siku moja nitayameza meno.

Kisha akaiachia. Karani akagonga muhuri, akaitupa kwenye gunia la nyuma yake bila kutazama, na yule mtu wa magunia akaja akalibeba.